Ubao wa Fundi Mithika

Kwenye fremu ya mlango wangu, mkono wa kulia unapoingia, kuna tundu lenye urefu wa kidole ambalo halijawahi kuingizwa kitu. Buibui hutaga humo. Wageni wakiliona huuliza kwa nini sikuliziba, nami huwajibu kwamba fundi hakumaliza kazi. Huo ni uongo. Fundi alimaliza kila nilichomwagiza. Aliyeacha kazi katikati ni mimi, na kazi yenyewe ilikuwa kusema mbele ya watu kwamba komeo la chuma lilikuwa langu.

Fundi huyo aliitwa Mithika, mtu wa Githongo, huko Imenti, Meru. Hapa Embu waliomjua wamebaki wachache, na wakimtaja humtaja kwa kukamatwa kwake. Mimi nataka atajwe kwa kazi yake, ingawa najua kwamba sina haki ya kuwa wa kwanza kumtaja.

Alikuja kwangu mwaka wa 1951, baada ya mavuno ya mahindi. Nilikuwa nimechoka na nyumba ya mviringo yenye moshi, nikataka nyumba ya mbao yenye vyumba vitatu. Mwalimu Misheck, jirani yetu aliyefundisha shule ya misheni, alijengewa na Mmeru mmoja ambaye milango yake haikukwaruza sakafu hata mvua ya Aprili ilipozivimbisha mbao. Nikamtumia salamu Mmeru huyo. Akaja kwa miguu kutoka Runyenjes, mtu mfupi mwenye mabega mapana, sanduku la zana begani. Alipofika hakutazama mahali pa kujenga. Aliketi juu ya sanduku lake akanitazama mimi.

"Wewe ni mtu wa maneno mengi au machache?" akauliza.

"Machache."

"Basi nina taabu." Akajifuta jasho. "Mwenye maneno mengi ukikosea anakutukana siku hiyo hiyo, unarekebisha, mnakunywa uji. Mwenye maneno machache hunyamaza mpaka nyumba iishe, halafu anawaambia majirani."

Mke wangu, Mukami, alikuwa anakuja na kibuyu cha uji. Alicheka mpaka akakiweka chini. "Fundi, umemjua siku ya kwanza! Mimi ilinichukua mwaka mzima."

Mithika alikunywa uji wote kabla ya kufungua sanduku. Mzee aliyemfundisha useremala, alisema, alimkataza kushika zana kabla hajaonja chakula cha mwenye kazi. Fundi asiyekula kwako, mzee huyo alikuwa akisema, anajengea mtu mwingine.

Kisha akatoa ubao. Ulikuwa na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, wa mti wa muthaiti, ule wenye harufu kali kama dawa ya kifua. Akanionyesha kingo zake mbili.

"Upande huu ni wangu, upande huo ni wako. Nikiahidi kitu nakata alama kwangu. Ukiagiza kitu unakata kwako, kwa mkono wako, mimi sikukatii. Nyumba ikiisha tunakaa hapa, tunahesabu alama tukiitazama nyumba. Kisicho na alama hakikusemwa."

"Na ubao unakaa na nani?"

"Na wewe. Ubao ukikaa na fundi utaota alama mpya."

Tulielewana hivyo. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, yeye hakusoma kabisa, lakini sijaona karatasi ya mwanasheria iliyo wazi kama ubao ule. Alama ndefu ilikuwa mlango, fupi dirisha, mbili zilizopishana zilikuwa ukuta. Kila alama tuliisema kwa sauti huku ikikatwa.

Hata hivyo nilimpa taabu aliyoitabiri. Dirisha la chumba cha mbele alilitengeneza likatazama njia, na mimi sikutaka kila apitaye aone ninachokula. Sikusema. Siku tatu nilizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutaga. Siku ya nne Mithika aliweka nyundo chini, akaketi.

"Sigusi kitu mpaka useme."

"Nyumba ni nzuri, fundi."

"Sikukuuliza kama ni nzuri. Sema. Mimi si mkwe wako."

Basi nikasema, nikitazama miguu yangu kama mtu mwenye haya mbele ya mkwe. Alisikiliza, akaenda akang'oa dirisha lile, na kabla ya jioni likawa upande wa migomba. Hakununa wala hakunikumbusha tena. Kesho yake asubuhi alinisalimu, "Habari, mwenye nyumba," akanipa upande mmoja wa msumeno tukapasue mbao pamoja. Tangu siku hiyo nilijifunza kusema naye. Nilijifunza pia kumwekea nguzo tayari kabla hajazihitaji, kutomsimamia mgongoni akipima, na kutobadili leo nilichokata jana. Naye alijifunza kuusoma ukimya wangu. Nikisafisha koo mara mbili, aliweka nyundo chini.

Siku ya kuezeka majirani walikuja wote. Kwetu nyumba ikianza kuezekwa sharti ifunikwe na moto uwashwe ndani kabla jua halijazama, la sivyo hujui nani atatangulia kulala humo. Tulimaliza jua likiwa bado juu. Mukami alileta moto kutoka nyumba ya zamani kwenye kigae, na sisi wawili, mimi na Mithika, tukaketi na ubao tukahesabu. Alama kumi na tisa. Zote zilikuwepo.

Nyumba ile niliikalia miaka mitatu.

Mwaka wa 1954, Hali ya Hatari, vita vya serikali dhidi ya wapiganaji wa msituni, ikiwa imeingia hata kwetu, tuliambiwa tutoke mashambani mwetu, tuingie katika kijiji kimoja kwenye mgongo wa kilima. Kijiji kilizungukwa na handaki lenye vigingi vilivyochongwa, na lango lilikuwa moja tu, nalo lililindwa na homugadi, wenyeji waliopewa bunduki na serikali. Tulipewa siku tisa. Nyumba itakayobaki mashambani ingechomwa ili watu wa msituni wasipate pa kujificha. Na siku hizo tisa hatukuwa na nafasi ya kujenga. Kuanzia alfajiri mpaka saa saba mchana kila mtu mzima, mwanamume na mwanamke, alichimba handaki. Saa kumi na mbili jioni filimbi ilipigwa, na aliyeonekana nje aliweza kupigwa risasi.

Mithika alikuwa na kazi Runyenjes. Watu wa kwao wengi walikuwa wanarudi Meru kabla njia hazijafungwa kabisa, maana Mmeru kutembea Embu alihitaji pasi, na pasi ilikuwa shida kupata. Yeye akaja kwangu. Niliporudi kutoka handakini, mikono ikiwa na malengelenge, nilimkuta ameketi juu ya sanduku lake nje ya nyumba.

"Fundi, kwa nini hukwenda kwenu?"

"Lete ubao," akasema.

Nikauleta. Kwa siku nne aliibomoa nyumba ile aliyoijenga mwenyewe, mbao moja moja, akichonga kila nguzo alama ili ajue itakaposimama tena. Nilimsaidia mchana nilipotoka handakini. Kiwanja tulichopewa kijijini hakikutosha vyumba vitatu. Aliniuliza kipi kiondoke, nikakata kwenye ubao kwa mkono wangu, kile cha mbele. Hatukusema mengi. Sikumbuki kama nilimshukuru.

Siku ya kuezeka walikuja majirani wanane badala ya thelathini, na hao wanane walitoka handakini hawajala. Jirani yangu Gichovi alisinzia juu ya paa akishika nyasi, Mithika akamtupia kipande cha udongo.

"Amka, Gichovi! Ukianguka hapa watasema ulikuwa unatoroka."

Tulicheka. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka kicheko cha watu wengi pamoja katika kijiji kile. Nyasi za mwisho zilifungwa filimbi ikikaribia. Hapakuwa na moto. Chini kule shambani homugadi walikuwa wamekwisha kulichoma jiko letu, ambalo hatukuwahi kulibomoa. Mukami aliteremka mbio, akachomoa kijinga kwenye jiko lake mwenyewe lililokuwa linaungua, akapanda nacho. Aliingia nacho ndani filimbi ikilia. Hivyo nyumba ilipata moto wake kama desturi inavyotaka.

Uliobaki ni mlango. Mithika aliutundika ukaenda vizuri, lakini haukuwa na cha kuufunga. Homugadi walikuwa wakipita kukagua nyumba, na wengine walikuwa wakikagua nyumba za wanawake waliobaki kwa ugonjwa, waume wao wakiwa handakini. Mukami aliacha kubaki nyumbani peke yake, hata siku alizokuwa na homa alikuja handakini kulala chini ya mti karibu na mimi. Nilielewa.

Mwalimu Misheck alikuwa na komeo la chuma mlangoni kwake, refu na zito. Nikalitaka.

"Nitakuchongea gogo la mbao," Mithika akasema. "Linapita ukutani, linakaa kwenye vikono viwili. Ng'ombe hawezi kulisukuma."

"Gogo huvunjika. Nataka chuma."

"Mwenye nyumba, chuma siku hizi kina macho mabaya. Wale wa msituni wanatengeneza bunduki kwa bomba na komeo. Komeo ndilo linalogonga risasi. Huko kwetu mtu amechukuliwa kwa kipande cha bomba la baiskeli."

"Mwalimu Misheck analo."

"Misheck alilinunua kabla ya mambo haya."

"Nataka chuma, fundi. Mke wangu anaogopa."

Alinitazama, kisha akatabasamu. Miaka yote aliyonijua sikuwahi kubishana naye mara tatu mfululizo bila kubanwa. Nadhani alifurahi. "Haya," akasema, "leo umesema mwenyewe. Kata."

Nikakata, ndani sana, mpaka vumbi la muthaiti likanusika.

Hersi, Msomali mwenye duka Runyenjes, alikuwa na makomeo mawili nyuma ya magunia. Mithika alikwenda kwanza kwa pasi yake ya kazi, akalipima moja kwa uzi, akarudi akachonga lile tundu kwenye fremu, kisha akaniambia maneno ya Hersi.

"Anasema mwenye mlango aje alichukue mwenyewe. Hataki kumpa fundi, tena fundi wa Meru. Na anasema kweli. Omba ruhusa kwa Rwamba, siku moja tu, twende wote."

Rwamba alikuwa mkubwa wa homugadi wa kijiji chetu. Kumwomba ruhusa kulimaanisha kusimama langoni mbele ya vijana wake na kueleza unakwenda wapi na kwa nini, nao wakikucheka. Nilikwenda hadi langoni siku mbili. Siku zote mbili nilirudi bila kufungua mdomo. Siku ya tatu nikamwambia Mithika nina kazi ya handaki, aende yeye, amwambie Hersi nimemtuma.

"Nitamwambia umenituma," akasema. Akanywa uji wake, akaenda.

Walimkamata langoni akirudi, saa tisa mchana. Komeo lilikuwa limefungwa katika gunia pamoja na skrubu nne. Waliokuwepo waliniambia maneno yote, maana yalirudiwa kijijini kwa miezi.

"Bunduki ya nani hii?" Rwamba aliuliza.

"Ya mlango," Mithika akajibu. "Inaua upepo."

Vijana walicheka. Rwamba hakucheka, alimpiga kofi. "Mlango wa nani?"

"Wa Ndambiri. Mwulizeni. Aliniagiza kwa mkono wake mwenyewe, alama iko kwenye ubao nyumbani kwake."

Ndambiri ni mimi.

Walituita wote uwanjani. Tuliketi chini kwenye jua, mikono kichwani, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Palikuwa na lori la polisi, na Mzungu kijana aliyesimama kivulini akisubiri, akitazama saa. Mithika alikuwa amepiga magoti mbele, damu kidogo mdomoni. Wakati huo Gichovi hakuwa nasi tena. Siku chache kabla ya hapo alisimama uwanjani pale pale kumtetea shemeji yake kwa ajili ya blanketi lililookotwa msituni, akasema blanketi ni lake, na lori liliwachukua wote wawili. Kila mtu uwanjani alikuwa anamfikiria Gichovi. Sisemi hivi ili nisamehewe. Nasema ili ijulikane kwamba nilikuwa najua bei ya neno lile.

"Ndambiri!" Rwamba aliita. "Simama. Chuma hiki ni chako?"

Nikasimama. Niliona macho ya watu wote, nikaona macho ya Mukami upande wa pili. Nikasafisha koo. Nikasafisha tena.

Mithika aliinua kichwa. Katika watu wote wale yeye peke yake ndiye aliyejua kukohoa kule kulikuwa na maana gani.

"Sema," akaniambia, taratibu, kama siku ile ya dirisha. "Mimi si mkwe wako."

Mtu mmoja nyuma yangu alicheka kwa woga.

"Mimi niliagiza mlango," nikasema. "Mambo ya vyuma ni ya fundi."

"Sikusikia," Rwamba akasema, ingawa alikuwa amesikia.

"Vyuma ni vya fundi."

Mithika aliendelea kunitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama anayesubiri nimalize, kama alivyozoea kusubiri, akijua kwamba mimi nasema polepole. Rwamba alimtafsiria yule Mzungu kwa Kiswahili kifupi, "Huyu anakataa, bwana," Mzungu akaitikia kwa kichwa, na Mithika akapandishwa kwenye lori. Hata juu ya lori alikuwa bado ananitazama. Sanduku lake la zana lilibaki kwangu.

"Na huo ubao," Rwamba akaniambia watu walipokuwa wanatawanyika, "kesho nitakuja kuuona."

Nilirudi nyumbani nikauchukua ubao. Jua lilikuwa bado halijazama na Mukami alikuwa anapuliza moto wa chakula. Kama ningeupeleka langoni saa ile ile, alama yangu ikiwa wazi pale, ndani sana kuliko nyingine zote, pengine lori lingefuatwa. Pengine nami ningepandishwa. Niliushika kwa muda nikipitisha kidole kwenye alama, mlango, dirisha, ukuta. Kisha nikauweka motoni.

Mukami aliona. "Hizo unazochoma si kuni, Baba Njura."

"Kesho watapekua."

"Ndiyo. Waache waukute."

"Unataka Njura akue bila baba?"

Mukami alikaa akitazama ubao ukiungua. Muthaiti huungua polepole, kwa moshi mzito, na harufu ya dawa ilijaa nyumbani, ikaingia kwenye blanketi na kwenye nguo. Ilikaa siku nyingi. Chakula kilipoiva alipakua sahani moja, akaniwekea, akaenda kulala.

Rwamba alikuja asubuhi. "Fundi wako alisema kuna ubao."

"Sijui ubao gani," nikasema.

Alipiga jicho ndani, akanusa, akacheka. Nadhani alijua. Akaniambia mimi ni mtu mwenye akili. Kwa miaka yote ya kijiji hakunisumbua tena, na homugadi hawakuukaribia mlango wangu usio na komeo. Mukami aliweza kubaki nyumbani peke yake. Sikuwahi kumwuliza kama alibaki kwa furaha.

Nilifunga mlango kwa kamba miaka minne na zaidi. Tundu lile sikuligusa. Zana za Mithika nilizipaka mafuta ya mbono kila mwezi, msumeno, randa, patasi, zisishike kutu. Mukami alikuwa akinitazama nikifanya hivyo. Wakati mmoja tu aliniambia, "Kama mafuta yangekuwa maneno."

Mithika alirudi mwaka wa 1959. Wakati huo waliokuwa kizuizini walikuwa wanaachiliwa kidogo kidogo, na Gichovi alikuwa amekwisha kurudi. Nilikuwa napalilia viazi nyuma ya nyumba nikamwona Mukami amesimama wima, mkono mdomoni. Kwanza nilidhani ni mzee fulani anayeomba maji. Mabega yalikuwa yameanguka, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika. Alikuwa na mfuko mdogo wa kitambaa.

"Nimekuja kuchukua sanduku langu," akasema.

Nikalileta. Alilifungua, akashika patasi, akapitisha kidole kwenye makali. Akanusa mafuta.

"Umezitunza."

"Ndiyo, fundi."

"Na ubao?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo kwa miaka mingi. Nilikuwa na maneno yote tayari, nilikuwa nikiyasema peke yangu shambani. Nikasafisha koo. Yeye hakuniambia niseme.

"Uliliwa na mchwa," nikasema.

Alirudisha patasi mahali pake, akaipanga sawa.

"Muthaiti," akasema. "Nimelala na watu wengi katika kambi nyingi, Ndambiri. Nimeona wadudu wa kila namna. Lakini mchwa wa kula muthaiti sijamwona."

Aliniita Ndambiri. Miaka yote aliniita mwenye nyumba.

Nilifikiri ataondoka. Badala yake alikwenda mlangoni, akaifungua ile kamba, akauvuta mlango na kuusukuma. Haukukwaruza. Alitazama tundu alilolichonga kwa ajili ya komeo, akaingiza kidole kimoja, akakitoa. Kisha akauliza kama nina mbao. Nilikuwa na kipande kilichobaki cha chumba tulichokiondoa, bado kina alama yake. Akaanza kuchonga gogo. Kwa vile vidole havikukunjika alishika patasi kwa kiganja, kazi ikaenda polepole sana. Nilitaka kumshikia upande mmoja, nikasogea. Aligeuza kazi yake upande mwingine mpaka mgongo wake ukawa kwangu.

Mukami alileta uji. Alikuwa ameupika kwa ulezi aliouweka kwa ajili ya wageni, akautia kwenye kibuyu kile kile cha zamani. Akapiga goti kidogo akakiweka karibu na sanduku, akamwita kwa jina la mtoto wake.

"Baba Ntinyari, karibu uji."

"Asante, Mama Njura. Umefanya vizuri." Sauti yake kwake ilikuwa ya upole. Lakini hakukishika kibuyu. Akafungua mfuko wake wa kitambaa, akatoa kiazi kitamu kilichochemshwa, kilichopoa, cha kupewa njiani. Akakila ameketi juu ya sanduku lake, nje ya nyumba yangu, huku kibuyu kimejaa kando ya mguu wake. Alipomaliza alikung'uta mikono akaendelea na kazi. Mukami akaingia ndani, nikamsikia analia.

Gogo lilikaa vizuri kwenye vikono vyake. Ng'ombe hawezi kulisukuma. Alilipitisha na kulitoa mara tatu, akaweka zana sandukuni, akalibeba kwa bega lisilouma.

"Nilikuwa nimeuanza mlango," akasema. "Sasa umekwisha."

"Fundi," nikasema. "Fundi, siku ile..."

Akasimama. Alinipa nafasi ndefu. Nataka ijulikane kwamba alinipa nafasi, alisimama na lile sanduku zito begani akisubiri kama zamani. Kuku walikuwa wanapita kati yetu. Sikuweza. Aliposhiba kusubiri alitikisa kichwa, si kwa hasira, akashika njia ya Runyenjes.

Sikumwona tena. Hersi, ambaye bado ana duka, husafiri kwenda Meru kuleta bidhaa, na mara moja alinipa habari zake bila kuulizwa. Mithika anajenga tena, alisema, Githongo na mpaka kule Timau kwenye baridi, na watu humsubiri zamu. Bado anaanza na uji na bado anakata alama. Ila siku hizi hupasua ubao katikati kabla ya kuanza, akakata alama zile zile kwenye vipande vyote viwili. Kimoja humpa mwenye nyumba. Kingine hukiweka sandukuni mwake, akafunga kwa kufuli.